Mchezo Ambao Mwanangu Haukumbuki

Wanaume wa kanisani kwetu wana mjadala usiokwisha. Ibada ikiisha na chakula kikishaliwa, wanavuta viti upande mmoja wa ukumbi na kubishana ni mechi gani ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo iliyo bora kuliko zote walizowahi kuona. Wana vigezo vyao. Timu ziwe zimetoshana nguvu. Kuwe na kitu cha kugombania, ubingwa au uhasama wa miaka mingi. Anayeongoza apitwe, na aliyempita naye apitwe. Na mwisho wake uwe wa pumzi ya mwisho kabisa, uwanja mzima umesimama, hakuna anayejua kitakachotokea. Kwa vigezo hivyo, wanasema, ile ya Houston ya mwaka 2018 haina mpinzani.

Mechi hiyo ya Houston, mwanangu alicheza. Tena yeye ndiye aliyeimaliza. Kila ninapowasikia wakiisifia, damu inanipanda kichwani, na nimechoka kuambiwa ninyamaze.

Mimi ni nesi. Nafanya kazi Dallas, kwenye wodi ya wagonjwa wa kiharusi na walioumia kichwa. Mume wangu anafanya kazi ofisini, Fort Worth, na nyumba yetu iko Cedar Hill. Tulifika Marekani mtoto akiwa na miaka sita, mtoto wetu pekee. Mume wangu alikuwa golikipa enzi zake za Morogoro, na mwanzoni aliuita mpira wa huku mieleka ya kugombea yai. Lakini mtoto alipoupenda, naye akaupenda. Alinunua kitabu cha sheria, akakaa nacho mezani kama anajiandaa kwa mtihani, na baada ya mwaka mmoja alikuwa akiwasahihisha Wamarekani waliozaliwa nao.

Nisijifanye mtakatifu. Na mimi niliupenda. Mtoto alipopata ufadhili wa kuchezea chuo kimoja upande wa Fort Worth, nilipiga vigelegele jikoni hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mwaka wa kwanza, 2017, alikaa benchi karibu msimu wote. Jumapili alikuwa akija nyumbani na wenzake watano au sita, majitu yenye shingo kama magogo, nami nawapikia pilau sufuria mbili. Wote waliniita Mama. Nilijivunia jambo hilo kuliko medali yoyote.

Mwaka wa pili akapewa nafasi. Alikuwa mlinzi wa nyuma, yule anayemkimbiza mpinzani anayetaka kudaka mpira wa mbali. Ni nafasi ya mbio na ya kugongana, maana wote wawili wanaangalia juu na hakuna anayeangalia mbele.

Siku ya mechi tuliondoka Cedar Hill alfajiri, tukashika barabara kuu ya kusini. Karibu saa nne za ku-drive. Nilikuwa na chapati nimezifunga kwenye foili. Houston ilitupokea na joto lake lile la maji maji, nguo inaganda mgongoni kabla hujafunga mlango wa gari. Tulimkuta mwanangu nje ya uwanja, karibu na basi la timu. Alikula chapati mbili wima, akajifuta mikono kwenye suruali, akatazama huku na huku asije akaonwa na kocha.

"Mama, leo usinipigie kelele za vile vigelegele," akasema. "Kuna kamera."

"Nitapiga mara mbili zaidi," nikamjibu.

Akacheka, akanikumbatia, akaingia. Mchezo ulianza saa sita mchana.

Wanaume wa kanisani wanasema kweli kuhusu nusu ya kwanza. Ilikuwa moto. Wenyeji walifunga, sisi tukafunga, wao tena, sisi tena. Mume wangu alikuwa amevaa fulana yenye namba ya mtoto, amesimama muda wote, akiwaeleza watu wa safu nzima kinachoendelea hata wale waliojua kuliko yeye. Sauti yangu ilikauka mapema.

Robo ya tatu, maana mchezo huu hugawanywa robo nne, mpira ulirushwa mbali upande wetu. Mwanangu aliruka pamoja na mpinzani. Mchezaji mwenzake, wa timu yetu wenyewe, alikuwa anakuja kwa kasi kusaidia, na goti lake likampiga mwanangu upande wa kichwa wakati anatua. Helmeti ililia. Niliisikia kutoka nilipokaa, au nadhani niliisikia.

Alianguka chali. Mikono yake miwili ikanyanyuka hewani yenyewe, imekakamaa, vidole vimejikunja, kama mtu aliyebeba sinia lisiloonekana. Ilikaa hivyo, labda sekunde nne. Kisha ikashuka.

Mkao ule naujua. Nimeuona kwa watu walioletwa kwetu kutoka kwenye ajali za pikipiki. Sio maumivu ule, wala sio kijana anayejinyoosha. Ni ubongo unaosema nimeumia.

"Ameumia kichwa," nikamwambia mume wangu.

"Subiri. Anaamka."

Kweli aliamka. Akajikung'uta magoti, akaanza kutembea, taratibu na kwa uhakika, kuelekea benchi la wapinzani. Alikwenda hatua nyingi. Alifika karibu kabisa nao. Kijana mmoja wa upande wao akamshika mabega, akamgeuza, akamwonyesha kwa kidole upande wa pili wa uwanja, akampigapiga mgongoni.

Na watu wakacheka.

Watu wazima, wenye watoto wao, walicheka. Kisha wakairudia kwenye skrini kubwa, wakacheka zaidi. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti, "Amechoka na timu yake, anataka kuhama!" Wakacheka tena. Sijui nimechekewa mara ngapi tangu nije nchi hii, kwa matamshi yangu, kwa kitambaa changu cha kichwani, na yote nimeyasamehe. Kicheko kile sijakisamehe.

Niliteremka ngazi mpaka kwenye uzio. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye benchi letu, na kijana mmoja wa huduma ya kwanza amechuchumaa mbele yake akimmulika macho kwa kitochi. Nilipiga kelele kumwita. Kati yangu na uwanja alisimama mama mmoja wa ulinzi, amevaa kizibao cha njano.

"Mama, rudi kwenye kiti chako tafadhali."

"Yule ni mwanangu. Mimi ni nesi. Wanatakiwa wamtoe kabisa mchezoni."

"Kuna madaktari kule chini."

"Basi mwambie daktari mmoja aje hapa nizungumze naye."

"Mama, leo kila mtu hapa ni daktari. Rudi kwenye kiti."

Nilitazama saa yangu ya kazini. Mwanangu alikaa benchi dakika nane. Dakika nane, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa timu zikipumzika kwa ajili ya matangazo. Halafu kocha msaidizi akaja, akainama, akamwuliza kitu. Mwanangu akatikisa kichwa kukubali, akavaa helmeti, akaingia uwanjani.

Mume wangu alikuwa ameshuka kunifuata. "Watu wanatuangalia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kama wamemrudisha, wamempima. Hawa ni wataalamu."

"Na mimi ni nani?"

Alinishika kiwiko na kunipandisha ngazi.

Robo ya nne ikaisha sare. Katika futiboli ya vyuo hakuna kutoka sare. Kila timu inapewa zamu moja ya kushambulia karibu na goli la mwenzake, na zikifungana tena wanarudia, hata ikifika jioni. Walirudia mara nne. Nne! Kila mara watangazaji walipaza sauti zaidi, kila mara watu walishikana mikono na wageni wasiowajua, na kila mara mwanangu alikuwa mle ndani, anakimbia kinyumenyume, anaruka, anagongwa, anaamka. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kitambaa. Uwanja mzima haukutaka mchezo uishe. Nilikuwa peke yangu, katika maelfu yale, niliyetamani tushindwe upesi twende nyumbani.

Zamu ya mwisho, sisi tunaongoza, wao wanahitaji kudaka mpira mmoja tu ndani ya eneo la goli. Ukarushwa. Mwanangu akaruka kutoka nyuma ya mtu wake, mkono mmoja umenyooka kuliko nilivyowahi kuuona, akaugusa mpira kwa ncha za vidole. Ukaanguka kwenye nyasi. Imekwisha.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho sijakisema mbele ya wanaume wa kanisani. Niliruka. Nilipiga vigelegele. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilisahau kila kitu nilichokijua kazini kwangu na nikawa mama wa shujaa, nimemkumbatia mume wangu, nalia kwa furaha. Nikikumbuka hilo, hasira niliyo nayo kwa watu wengine wote inageuka na kuniangalia mimi.

Tulimsubiri kwenye korido ambako wazazi huruhusiwa kusimama. Alitoka na wenzake wamembeba nusu, nywele zimelowa, anatabasamu. Aliponiona, tabasamu likawa kubwa zaidi.

"Mama!" akasema. "Mmefika saa ngapi?"

Mume wangu akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilimshika uso kwa mikono miwili.

"Mwanangu, asubuhi ulikula nini?"

Akafikiri. "Sijui. Kifungua kinywa cha hotelini?"

"Leo uko mji gani?"

"Mama, bwana."

"Nijibu. Nani ameshinda?"

Akamtazama baba yake. Nilimwona akiusoma uso wa baba yake, ile furaha iliyokuwa bado imejaa pale, na kutoka kwenye furaha ile akapata jibu.

"Sisi?" akasema.

Mume wangu aliacha kucheka.

Nilimwambia kijana wa huduma ya kwanza kwamba mwanangu hapandi basi, anakwenda hospitali na mimi. Akaniambia lazima kocha aruhusu. Kocha alikuwa anahojiwa na televisheni. Nikasema sitasubiri mtu anayehojiwa. Akasema mchezaji ni mtu mzima, aamue mwenyewe. Tukamwuliza. Mwanangu, kijana wa miaka ishirini, mrefu kuliko mlango, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo huwa hanijibu nayo, "Niende na Mama."

Kwenye chumba cha kusubiri cha dharura kulikuwa na televisheni ukutani, na ilikuwa inaonyesha ule mkono wake na ule mpira. Wagonjwa wakamtambua kwa fulana ya baba yake. Mtu aliyefungwa bandeji kifundo cha mguu alisimama na kumpigia makofi. Nesi mmoja wa pale, mwenzangu kwa kazi, aliyekuja kumpima presha, akaomba kupiga naye picha. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ndoo, anatapika. Nilimtazama yule muuguzi mpaka akairudisha simu mfukoni.

Hakukuwa na damu iliyovuja ndani ya kichwa. Daktari alisema ni mtikisiko mkubwa wa ubongo, na kwamba haiwezekani kujua ni kiasi gani kilitokana na lile goti na kiasi gani na yote yaliyofuata. Akaniuliza, kwa upole, kwa nini aliendelea kucheza. Akaniuliza mimi.

Chuo kilikubali aje nyumbani. Wiki za mwanzo chumba chake kilikuwa giza mchana kutwa. Nilibandika blanketi dirishani. Harufu ya kitunguu ilimtapisha, kwa hiyo tukaacha kukaanga. Alikuwa anaanza sentensi na kusimama katikati kama mtu aliyekosa ngazi. Siku moja alisahau neno la mlango. Alisimama mbele yake, anaunyooshea kidole, machozi yanamtoka, na mimi na baba yake tukaangalia chini ili asituone tumemwona. Muhula ule wa masomo ulipotea wote.

Simu zilikuwa haziachi kulia. Kila mtu alitaka kumpongeza. Wakenya wa DeSoto, Watanzania wa Mansfield, watu wa nyumbani waliotumiwa ile video. Nilipowaambia anaumwa, walisema pole sana, mwambie alitufanya tujivunie. Ilikuwa kama kuzungumza na watu walio nyuma ya kioo.

Baada ya mwezi mmoja tuliomba kuonana na kocha. Ofisi yake ilikuwa na zulia nene na picha kila ukuta, na picha mpya kabisa, kubwa kuliko zote, ilikuwa ya mwanangu angani, mkono umenyooka. Alikuwepo kocha na mtu mmoja wa idara ya tiba ya timu mwenye faili mapajani.

"Mwanenu ni shujaa," kocha akaanza. "Miaka hamsini ijayo watu wataizungumzia mechi ile."

"Nimekuja kuzungumzia robo ya tatu," nikasema.

Mtu wa faili akasoma: mchezaji alipimwa, alijibu maswali, akaruhusiwa.

"Maswali gani?"

Akapekua. Hayakuandikwa.

"Nani alimruhusu?"

"Ulikuwa uamuzi wa pamoja," kocha akasema. "Mama, ninakuelewa kabisa. Lakini yeye mwenyewe alisema yuko sawa. Nilimwuliza macho kwa macho. Hawa vijana wana moyo, huwezi kuwazuia."

"Mtu ametoka kutembea kwenda benchi la wapinzani," nikasema, "halafu huyo huyo ndiye mliyemwuliza kama yuko sawa?"

Yule wa faili alitazama zulia.

"Hisia zilikuwa juu siku ile," kocha akasema. "Kwa sisi sote. Ndiyo maana ilikuwa mechi kubwa."

Nilisimama. Nilimwambia kazini kwangu, mgonjwa wa kichwa akisema yuko sawa, tunamfunga mkanda wa kitanda asianguke. Nilimwambia nililisha timu yake kwa mwaka mzima jikoni kwangu, na hakuna hata mmoja kati ya watu wazima waliolipwa kuwaangalia watoto wale aliyeweza kumwangalia huyu mmoja kwa dakika tano. Kiingereza changu kilivunjika katikati, na nilijichukia kwa hilo, maana najua watu kama wale husikia lafudhi kabla ya kusikia maneno.

Wakati tunaondoka kocha alimpa mume wangu nakala ya ile picha, kwenye fremu. Nilidhani ataikataa. Aliipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Aliitundika sebuleni. Nilimwambia aitoe. Akasema, "Ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya mtoto wetu, na wewe unataka kisiwepo." Nilimwambia mtoto mwenyewe hakijui kitu hicho. Tulikaa miezi tukiishi hivyo, tukiipita ile picha kila mmoja kwa macho yake.

Ndio maana mwaka 2019, Jumapili moja, nikalipuka kanisani. Mwanangu alikuwa ameanza kurudi chuoni, masomo mawili tu, bila mpira. Madaktari walimkataza kucheza tena. Rafiki wa mume wangu alikuwa anamweleza mgeni aliyehamia karibuni ni nini hasa kinachofanya mechi ya vyuo iwe bora. Akahesabu kwa vidole: kutoshana, ubingwa, kupitana, mwisho wa pumzi. "Na ile ya Houston ilikuwa na vyote," akamaliza. "Huwezi kuongeza kitu."

Nilikuwa nakusanya sahani. Niliziweka chini.

"Shemeji, na mtoto asiyekumbuka kwamba alicheza, huyo unamweka kwenye kidole gani?"

"Shemeji, jamani, tunaongea mpira tu."

"Na mimi naongea mpira. Mmehesabu kila kitu. Mmehesabu idadi ya zamu. Mbona hamna kidole cha watoto waliotoka wazima? Kwa nini ubora unapimwa na sisi tuliokaa kwenye viti? Ingeisha robo ya tatu, wangetoa majeruhi, wangeshindwa kwa mbali, mngeisahau kabla hamjafika kwenye gari. Kumbe hiyo ndiyo ingekuwa mechi bora!"

Mwanamke mmoja akaja kunishika bega. Nilimtazama mume wangu, nikitaka aseme neno moja tu, na yeye akainama kufunga kamba ya kiatu. Tangu siku ile wakiniona nakaribia wanabadilisha mazungumzo na kuanza kuzungumzia mvua.

Kisha ikaja 2020 na korona yake. Mwezi wa nne mimi nilikuwa naingia zamu nimevaa barakoa juu ya barakoa, na michezo yote ya nchi nzima imesimama. Televisheni hazikuwa na cha kuonyesha. Kituo kimoja cha michezo cha Texas kikaanza kurudia michezo ya zamani, wakiuita mfululizo wa mechi bora za vyuo. Jumamosi moja alasiri, nikiwa na siku ya mapumziko, mwanangu akashuka ngazi akasema wataonyesha ile ya Houston.

"Sijawahi kuiona yote," akasema. "Nataka kuona nilipoumia."

Alikuwa ameona vipande vya mwisho tu, ule mkono. Miezi mingi alikuwa hawezi kutazama skrini. Baadaye hakutaka. Sasa alikuwa anataka. Mume wangu akavuta kiti karibu. Tukakaa watatu.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Mwanangu alicheka mwenyewe alipojiona akikosea. Alikumbuka vingine. Robo ya tatu ikaanza, nami nikashika mkono wa kochi. Likaja shambulizi la kwanza, la pili. Matangazo. Tuliporudi, maandishi chini ya skrini yalisema robo ya nne.

"Subirini," mwanangu akasema. "Iko wapi?"

Walikuwa wameikata. Ili mchezo wa saa nne na nusu utoshe kwenye saa mbili, walikuwa wametoa sehemu walizoona hazina umuhimu. Kilichobaki ni kijana mwenye afya aliyeanza mechi, na kijana mwenye afya aliyeimaliza. Mtangazaji akasema tunarudi kwenye moja ya mechi bora kuwahi kuchezwa katika jimbo hili, na sauti yake ilikuwa na utamu ule ule.

Nilifungua mdomo. Lakini aliyesema alikuwa mume wangu.

"Haikuwa hivyo," akasema. Akachukua rimoti, akaizima televisheni. "Mwanangu, haikuwa hivyo. Nitakueleza mimi."

Akamweleza. Alieleza lile goti, ile mikono iliyobaki hewani. Alieleza jinsi alivyotembea kwenda benchi la wenyeji na kijana wa kule alivyomgeuza. Alikuwa anakumbuka kila kitu, na karibu miaka miwili yote ile mimi nilidhani hakuona.

"Watu walicheka," akasema. "Na mimi nilicheka. Sijui kwa nini. Niliona aibu, nikacheka. Mama yako alijua pale pale. Akashuka kwenda kukutoa. Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye kiti."

Mwanangu alimgeukia baba yake. Alimwuliza kwa Kiingereza, polepole, kama alizungumza chochote alipokuwa amelala pale chini. Baba yake akasema hawakuwa karibu kiasi cha kusikia. Akauliza kama alionekana ameogopa. Baba yake akasema, "Hapana. Ulionekana huna habari." Ndipo mwanangu akalia, kilio cha mtoto, na baba yake akahama kwenye kiti chake akaenda kukaa naye.

Jioni hiyo mume wangu aliandika barua pepe kwa kile kituo. Hajawahi kulalamika kwa maandishi maisha yake yote; huyu ni mtu anayekula chakula cha mgahawani kikiwa kimeungua na kusema kitamu. Aliandika kurasa mbili. Kesho yake likaja jibu la mashine, likimshukuru kwa kuwa shabiki wao mwaminifu. Akaandika tena. Jibu likawa lile lile.

Mwezi wa tisa chuo kikafunguliwa. Madarasa yalionekana ni hatari mno, kwa hiyo mwanangu alisomea kwenye meza yangu ya jikoni, kupitia kompyuta, akipumzisha macho kila baada ya dakika ishirini. Uwanja wa futiboli haukuonekana hatari. Timu yake ilicheza, na kwenye viti waliweka sanamu za watu za karatasi ngumu. Niliporudi kutoka wodini Jumamosi moja, alama za barakoa bado ziko mashavuni, nilimkuta anasoma fiziolojia na redio ya jirani inatangaza mechi. Mtangazaji alikuwa anasema hii huenda ikaingia kwenye orodha ya bora.

"Unataka nikamwombe apunguze sauti?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Wanaongoza kwa mbali sana. Haitaingia."

Akageuza ukurasa na kuendelea kusoma.